Unakimbia Kama Umeiba

Mpwa wangu alifika kwangu Arusha mwezi wa kwanza akiwa na begi moja, blanketi na raba za mtumba zilizolika upande wa nje. Ana miaka 16, kidato cha tatu. Dada yangu alimtuma kutoka Mbulu kwa simu fupi sana: "Huyu hasikii la mtu, anataka kukimbia tu. Wewe ndiye uliyemwambukiza, kaa naye."

Asubuhi yake ya kwanza tulitoka saa kumi na mbili kasoro, tukashika njia ya vumbi inayopanda miteremko ya Mlima Meru. Dakika ya tatu alikuwa ameniacha mita hamsini. Nilipomkuta juu alikuwa ameinama, mikono magotini, anatema mate, anacheka.

"Mjomba umechoka."

Sikuwa nimechoka. Nilikuwa nimepanda taratibu nikimtazama mgongo, na mgongo ule naujua. Ni wangu, wa miaka ishirini na kitu iliyopita.

Kule kwetu mtoto humjua Filbert Bayi kabla hajamjua mkuu wa wilaya. Bayi ni wa Karatu, jirani kabisa. Walimu wetu walisimulia mbio zake za Christchurch za mwaka 1974 kana kwamba wote walikuwa jukwaani: mita 1,500, Michezo ya Jumuiya ya Madola, kijana wa miaka 20 anatoka mbele tangu mlio wa bastola na hakubali kupitwa, John Walker wa New Zealand anamfukuza mpaka utepe, na saa inasimama kwenye dakika 3 sekunde 32.2. Rekodi ya dunia. Sisi watoto tulichochukua hapo ni kitu kimoja: toka mbele, usigeuke. Hakuna aliyetusimulia Bayi alikuwa anafanya nini Jumanne ya kawaida, isiyo na mashabiki.

Basi mimi nikatoka mbele. Nilitoka mbele kwenda kisimani, kwenda shule, kwenda dukani kununua mafuta ya taa. Nikiwa na miaka 17 nilifika UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ngazi ya mkoa, nikakimbia mita 5,000 kwa dakika 15 na sekunde 41, peku, uwanja wa majani wenye shimo kila kona. Nilijiona nimeshafika Ulaya. Nikajiunga na kundi la watu wazima waliokuwa wanafanya mazoezi alfajiri, na kundi lile lilikuwa na sheria moja: atakayebaki nyuma, asirudi kesho. Jumatatu tulishindana. Jumanne tulishindana. Siku tuliyosema ya mapumziko tulishindana polepole kwa kilomita tatu, halafu mmoja anakohoa, mwingine anaongeza hatua, kwisha habari.

Mwisho wa wiki kulikuwa na bahasha. Mbio za uzinduzi wa kitu fulani, mbio za sikukuu, mbio za mgombea. Elfu kumi, elfu ishirini, siku nyingine dumu la mafuta ya kula na fulana. Nyumbani bahasha zile zilikuwa na maana, sidanganyi. Zililipa karo ya mdogo wangu muhula mzima. Lakini nilipokuja kuhesabu kwenye daftari, mwaka ule nilikuwa nimeshindana mara 23. Na mwisho wa mwaka, mita 5,000 zangu? Dakika 15 na sekunde 38.

Sekunde tatu. Mwaka mzima wa kutapika kando ya barabara, kwa sekunde tatu.

Mwaka uliofuata ugoko wa kulia ukaanza kuuma. Mwanzo uliuma nikianza kukimbia, ukapoa nikipata joto. Nikasema ni uzito wa asubuhi. Kisha ukawa unauma hata baada ya mazoezi. Kisha usiku, nimelala, shuka likigusa. Ukipitisha kidole gumba juu ya mfupa unafika mahali padogo, ukubwa wa sarafu ya shilingi mia, ukibonyeza hapo unaona nyota. Mama mmoja kijijini alinichua kwa mafuta ya kondoo kwa wiki mbili, kwa nguvu, nikiwa nimeng'ata kitambaa. Hospitali walinipiga picha wakasema mfupa mzima, nikarudi mbioni siku tatu baadaye. Sikujua kwamba ufa mwembamba wa namna hii, unaotokana na kugongagonga ardhi kila siku bila mfupa kupata nafasi ya kujijenga, mara nyingi hauonekani kwenye picha ya wiki za mwanzo. Picha ya pili ndiyo iliyouonyesha. Kwa sababu ya zile wiki za ubishi katikati, nilikaa nje miezi kumi na minne.

Niliporudi, wale wa kundi la alfajiri hawakuniita, na mimi sikwenda. Nilikwenda kwa mzee mmoja aliyewahi kukimbia akiwa jeshini, wakati ule anafuga ng'ombe watatu na hana shida na mtu. Jeshi ndilo lililolea wakimbiaji wetu wengi, Juma Ikangaa wa marathoni akiwa mmoja wao, kwa hiyo nilidhani nitakutana na gwaride. Mzee akasimama getini, akaniangalia nikipanda mpaka kwenye mti na kurudi. Kisha akaniuliza:

"Unakimbia kama umeiba. Umeiba nini?"

Sikuwa na jibu.

"Kesho njoo. Utakimbia unaimba."

Nilidhani ni utani wa wazee. Kesho yake tukatoka, yeye juu ya baiskeli kuukuu, mimi kwa miguu, na kweli akataka niimbe. Wimbo wowote wa kanisani, ubeti mzima. Pumzi ikikatika katikati ya mstari, napunguza. Nikiweza kumaliza mstari bila kuvuta pumzi ya wizi, naendelea hivyo hivyo. Kwenye kilima nilikuwa natembea kabisa, kwa sababu hapakuwa na kasi ya kukimbia ambayo ningeweza kuiimbia.

Siku ya tatu tulipanda nyuma ya mama aliyebeba dumu la maziwa kichwani, anawahi sokoni. Nilikuwa nakimbia, yeye anatembea, na nilichukua muda mrefu wa aibu kumfikia. Nilipokuwa sambamba naye akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, unaumwa?" Mzee juu ya baiskeli alicheka mpaka akashuka. Mimi niliumia. Njia ile ilikuwa na vijana walionijua, na nilitamani kila mmoja wao ajue kwamba nina uwezo zaidi ya huu. Hapo ndipo nilipokuja kugundua ugonjwa wangu ulikuwa wapi: sikuwa nakimbia kwa ajili ya mwili, nilikuwa nakimbia kwa ajili ya macho ya watu wa njiani.

Mzee hakuwa na maneno ya vitabuni. Alisema tu "unachimba msingi, msingi hauchimbwi kwa kelele." Nilipokwenda kozi ya ukocha miaka mingi baadaye ndipo nikaelewa alichokuwa ananifanyia. Ukikimbia taratibu kwa muda mrefu, wiki baada ya wiki, moyo unajifunza kusukuma damu nyingi zaidi kwa pigo moja. Mishipa midogo ya damu inaongezeka ndani ya msuli. Vile viwanda vidogo vya nishati ndani ya seli, mitokondria, vinaongezeka navyo. Hivi vyote vinakua vizuri kwenye kasi ya kuimba, na havihitaji utapike. Kasi kali nayo ina kazi yake, ila inadai malipo makubwa, na deni lake linalipwa na mifupa na kano. Moyo na mapafu ya kijana ni wanafunzi wepesi, wanaelewa ndani ya wiki chache. Mfupa ni mzito wa kuelewa, unataka miezi. Kano ya kisigino ndiyo usiseme. Kwa hiyo kijana anajisikia mwepesi, pumzi ipo, anaongeza, na huku chini bado hakujajengwa.

Miaka miwili ya kuimba, kilima kidogo, kasi kidogo, mashindano manne kwa mwaka: dakika 14 na sekunde 50. Nilipofika miaka 26, dakika 14 na sekunde 19. Hapo ndipo nilipoishia. Sikuvaa jezi ya taifa, na kwa mita 5,000 muda ule haukupeleki popote pa maana. Nimejiuliza mara nyingi ningefika wapi kama ile miaka ya 17, 18 na 19 nisingeiuza kwa madumu ya mafuta. Siwezi kujua.

Haya ndiyo niliyokuwa nayo kichwani wakati mpwa wangu ananiambia nimechoka.

Wiki zake sasa ziko hivi. Kilomita arobaini na tano, wala si sabini anazozitaka. Nyingi kati ya hizo anazikimbia kama mtu anayepeleka barua isiyo na haraka, akizungumza na mimi habari za shule. Akinyamaza ghafla najua ameongeza mwendo. Jumanne tunafanya dakika moja ya haraka na moja ya pole, mara kumi na mbili, ile fatleki wanayoifanya Iten, mji wa wakimbiaji kule Kenya, makundi kwa makundi, isipokuwa sisi tupo wawili na mbwa wa jirani. Sharti langu ni kwamba dakika ya kumi na mbili iwe sawa na ya kwanza. Mwezi wa kwanza ya kwanza ilikuwa moto na ya kumi na mbili majivu. Alhamisi kilima: sekunde kumi tu za kupanda kwa nguvu zote, anashuka akitembea mpaka pumzi irudi kabisa, mara nane, basi. Hiki kilima nakipenda kuliko zoezi lolote kwa kijana. Kinampa nguvu ya mguu, kinamnyoosha mgongo, kinamfundisha kupiga magoti juu, na kwa kuwa unapanda, ardhi haikugongi sana. Jumamosi anakimbia dakika themanini, taratibu, njia za vumbi, lami tunaikwepa. Ijumaa na Jumapili hakimbii. Mara mbili kwa wiki, mwisho wa zoezi, anavua raba na kukimbia mita themanini kwenye majani mara tano au sita, kasi nzuri bila kujikaza, ili miguu isisahau mbio ni nini.

Raba: ikikubana iache, ikilika badilisha, mengine ni biashara za watu.

Chakula kwangu ni makande, ugali, maziwa mgando, maharage, mboga za majani, dagaa. Anakula mara nne. Kijana anayekua na anayekimbia akila kama anayekaa, mwili unachukua kwenye mfupa. Na hapa nina neno kwa walio na mabinti mbioni, maana ninao wawili kwenye kikundi changu cha Jumamosi. Binti akikosa hedhi miezi mitatu mfululizo, asipongezwe kwamba amekuwa mwanariadha mkavu. Nimesikia makocha wakilisema hilo kwa sauti, wanaume wenzangu. Ni dalili kwamba hali chakula cha kutosha kwa kazi anayoifanya, na mifupa yake inalipa. Apelekwe kwa daktari, apimwe na damu, apunguziwe mazoezi, aongezewe sahani. Mama zao wanazungumza nao hayo vizuri kuliko mimi, kwa hiyo mama ndiye kocha wangu msaidizi.

Jambo jingine la kupita haraka: sindano. Atakuja mtu mwema na "vitamini" za kuchoma. Kwenye riadha kitakachokutwa mwilini mwako ni chako, hata kama alikupa mjomba. Nimemwambia hata panadol aje aniulize.

Usingizi ndio ulioleta ugomvi. Nilimnyang'anya simu saa tatu usiku, akanuna siku mbili. Saa tisa za kulala nilizihesabu kama sehemu ya mazoezi na kuziandika daftarini. Alikuwa analala sita, halafu anashangaa miguu ya asubuhi ni ya mbao.

Lakini ugomvi wenyewe, ule mkubwa, uliletwa na bahasha. Mwezi wa tatu alikuja mtu na pikipiki hadi nyumbani, ana orodha ya vijana, anataka kumpeleka mpwa wangu nusu marathoni. Usafiri juu yake, zawadi wagawane. Kijana alikuwa ameshaamua moyoni kabla mimi sijakaribishwa kwenye mazungumzo. Nilipokataa aliniambia kitu ambacho nadhani alikuwa amekiandaa muda mrefu:

"Mjomba, Kipchoge alikuwa bingwa wa dunia ana miaka 18."

Kweli. Eliud Kipchoge, Paris, mwaka 2003, mita 5,000. Nilifurahi kwamba anasoma. Nikamuuliza, baada ya hapo marathoni yake ya kwanza alikimbia lini? Hakujua. Ni mwaka 2013, Hamburg, miaka kumi baadaye. Miaka kumi ya mita 5,000, shaba ya Olimpiki ya Athens, fedha ya Beijing, na mwaka 2012 kukosa nafasi kabisa kwenye timu ya Olimpiki ya London. Kocha ni yule yule, Patrick Sang. Na daftari la mazoezi anaandika kila siku tangu wakati ule. Rekodi zake za marathoni, za Berlin, zilikuja 2018 na 2022.

"Huyo ni Mkenya," akasema.

Haya, tukarudi nyumbani. Alphonce Simbu wa Singida alikuwa wa tano kwenye marathoni ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016. Mwaka uliofuata, shaba ya dunia London. Kila mtu alisema mwakani dhahabu. Mwakani haikuja, wala mwaka uliofuata. Alirudi mazoezini miaka minane. Aprili 2025 akawa wa pili Boston, na Septemba, Tokyo, akiwa na miaka 33, aliingia uwanjani nyuma ya watu wengine wawili. Mimi na mpwa wangu tuliitazama video tena usiku ule kwenye simu niliyokuwa nimemnyang'anya. Mita mia za mwisho za marathoni, Simbu na Mjerumani Amanal Petros wanakimbia kama ni mita mia kweli, Petros anaanguka juu ya mstari, wote wanaandikiwa saa 2 dakika 9 sekunde 48, na dhahabu inaamuliwa kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha.

Aliirudisha nyuma mara tatu. Mara ya nne akasema, "Mjomba, kumbe alikuwa wa tatu."

Alikuwa wa tatu, ndiyo. Alikuwa na kitu kimebaki.

Yule wa pikipiki hakwenda naye. Mwaka huu atashindana mara nne, mita 3,000 na 5,000, na mbio za nyika mara moja, maana nyika humfundisha mtu kukimbia bila saa. Najua nina deni hapo. Bahasha niliyomkatalia ingekuwa na matumizi Mbulu, na dada yangu aliponipigia aliniuliza moja kwa moja kama nitaifidia. Nililipa daftari, sare na nauli ya likizo. Anayemwambia kijana maskini asubiri inabidi awe tayari kuchangia gharama ya kusubiri. Maneno matupu hata mimi nilipewa, sikuyasikia.

Kila asubuhi kabla ya kufunga kamba anakaa kwenye kizingiti cha mlango. Anapitisha kidole gumba juu ya ugoko, kuanzia chini ya goti mpaka kifundo, anabonyeza kila hatua, mguu wa kulia kisha wa kushoto. Halafu anasimama na kuruka kwa mguu mmoja mara kumi. Maumivu yaliyosambaa kama uchovu, tunakimbia pole. Maumivu unayoweza kuyafunika kwa kidole kimoja, hatukimbii. Wiki za kwanza alikuwa anafanya haraka haraka ili nione amefanya, kama mtoto anayenawa ncha za vidole.

Jumamosi iliyopita nilitoka na filimbi shingoni. Alikuwa bado amekaa pale, raba zimefungwa, kidole kimesimama katikati ya ugoko wa kushoto. Akabonyeza. Akasogeza kidogo, akabonyeza tena. Nilikaa kimya, mbwa wa jirani alikuwa ameshafika getini anatungoja.

"Mjomba," akasema, "leo sikimbii."

Akafungua kamba, akaziweka raba ndani, akarudi kulala.